Salamu za Desemba 9 kutoka Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu, marafiki na majirani, habari za siku nyingi. Nawaletea salamu za sikukuu ya Uhuru kutoka Arusha, katika msimu huu ambao mvua za vuli zinaelekea ukingoni, wanafunzi wako likizo, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam yameanza kuwarudisha watu wa kaskazini makwao, wengine wakishukia Himo na Moshi, wengine wakifika mpaka huku kwetu. Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walio njiani, na awaafu wagonjwa ambao sikukuu hii imewakuta vitandani.

Mwaka huu naomba mnivumilie salamu zikiwa ndefu kuliko desturi. Tumeizoea Desemba 9 kama siku yetu peke yetu, ya gwaride, hotuba na mapumziko ya kazi, ilhali ni tarehe iliyobeba mambo mengine makubwa ya dunia, na mojawapo lilikuja kupata uzito wake wa kisheria hapa hapa Arusha. Nimeona si haki kuwatakia heri ya siku hii bila kuwaeleza hilo.

Kwetu sisi, Desemba 9 ni ya mwaka 1961. Usiku wa kuamkia siku hiyo, katika Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikateremshwa, na taa zilipowashwa tena iliyokuwa ikipepea ni bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu. Malkia aliwakilishwa na mumewe, Prince Philip, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Huku kaskazini, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa ameupanda Mlima Kilimanjaro, akasimika bendera na mwenge katika kilele chenye urefu wa mita 5,895, kilele ambacho Mjerumani Hans Meyer alikifikia mwaka 1889 na kukipa jina la Kaisari wa Ujerumani, na ambacho tangu uhuru wetu kinaitwa Uhuru. Mwenge huo Mwalimu alikuwa ameutaja mapema, Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, aliposema kwamba tunataka kuuwasha na kuuweka juu ya Kilimanjaro ili umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki na heshima penye dharau. Naomba tulishike wazo hilo la mwanga unaovuka mpaka, kwa sababu salamu zangu zote za leo zimesimama juu yake.

Watu wa hapa kwetu walikuwa wametangulia kuvuka mpaka huo wakitafuta haki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, alisafiri hadi New York kuupeleka mlalamiko huo mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya umoja huo na Waingereza walikuwa wasimamizi tu. Hakurudi na alichokwenda kukiomba. Lakini mtu kutoka mitelemko ya Meru alikuwa ameonyesha kwamba mtawala anaweza kushtakiwa mbele ya mataifa, na Mwalimu mwenyewe alipita njia hiyo hiyo mwaka 1955 alipolihutubia Baraza la Udhamini. Kwa sababu hiyo siwezi kuuzungumzia uhuru wetu nikauacha Umoja wa Mataifa nje ya mlango.

Chombo hicho hicho, tarehe hiyo hiyo ya Desemba 9, miaka 13 kabla ya bendera yetu kupanda, kilikuwa kimekutana Paris, katika jengo la Palais de Chaillot, kikapitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Ilikuwa mwaka 1948, vita kuu ilikuwa na miaka 3 tu tangu imalizike, na mtu aliyeuhangaikia mkataba huo kuliko wote alikuwa Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland ambaye jamaa zake wengi waliangamizwa na Wanazi. Hakuwa na jeshi wala cheo kikubwa. Alikuwa na hoja, na aliwafuata wajumbe wa mataifa akiwasihi mpaka wakakubali. Kesho yake, Desemba 10, mkutano ule ule ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, na umaarufu wa tamko hilo umeifunika siku iliyolitangulia. Mkataba wenyewe, ulioanza kutumika Januari 12, 1951, unasema kwamba kutenda maovu yaliyotajwa ndani yake kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake, kwa ajili ya taifa, kabila, rangi au dini yake, ni kosa wakati wa vita na wakati wa amani, na kwamba mkosaji ataadhibiwa awe ni mtawala, mtumishi wa serikali au mtu binafsi.

Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa karibu miaka 50 bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia hatiani mtu hata mmoja kwa kosa hilo. Rwanda ilijiunga na mkataba mwaka 1975, na haukuwakinga watu wake. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka kwamba Agosti 4, 1993 pande zilizokuwa vitani Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani katika mji huu wetu, na kwamba miezi 8 baadaye, Aprili 1994, mauaji yalianza, yakaendelea kwa takriban siku 100 na kuwamaliza mamia kwa maelfu ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuyaunga mkono. Mwishoni mwa mwezi ule wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na ndugu zetu wa Kagera walipokea mzigo ambao sidhani kama tumewahi kuwashukuru inavyostahili.

Novemba 8, 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu wahusika, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Ilifanya kazi zake katika majengo ya kituo cha mikutano ya kimataifa, AICC, ambayo wengi wetu tunayapita kila siku tukienda kwenye shughuli zetu. Humo ndani, Septemba 2, 1998, majaji Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumkuta mtu na hatia ya kosa lililoandikwa Paris ile Desemba 9. Katika hukumu hiyo hiyo majaji walitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari pale unapotendwa kwa nia ya kuliangamiza kundi, na hilo halikutokana na werevu wa wanasheria peke yao, bali na wanawake wa Taba waliosafiri hadi Arusha, wakasimama mbele ya watu wasiowajua na kuyaeleza yaliyowapata. Siku 2 baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji hayo, naye akahukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri makosa yake.

Nayasema haya kwa fahari na kwa huzuni kwa pamoja. Kijana wa Arusha akiulizwa mji wake umeipa nini dunia, atalitaja Azimio la Arusha la Februari 1967, atautaja utalii, na pengine Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni wachache watakaokuambia kwamba ahadi ya Desemba 9, 1948 ilitimizwa kwa mara ya kwanza umbali mfupi kutoka Mnara wa Saa. Ningependa sana walimu wetu wa historia na uraia walifundishe jambo hili, na walifundishe kwa kuwapeleka wanafunzi mahali penyewe. Mahakama ile ilifungwa Desemba 31, 2015, ikiwa imewafungulia mashtaka watu 93, na kazi zilizobaki zilikabidhiwa chombo kilichorithi shughuli zake, chenye majengo yake Lakilaki, hapa Arusha. Septemba ya mwaka huo huo wa 2015 Umoja wa Mataifa uliitangaza Desemba 9 kuwa siku ya kimataifa ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari. Tangu hapo, tunapoimba wimbo wa taifa siku hii, kuna watu wengine duniani wanaowasha mishumaa, na jirani yako Mnyarwanda anaweza kuwa mmoja wao.

Tarehe hii ina furaha yake pia nje ya uhuru wetu, na hapo nawageukia wazee. Mnawakumbuka watu waliokuwa na makovu ya ndui usoni, na baadhi yenu mna alama ya chanjo yake mkononi hadi leo. Desemba 9, 1979, mjini Geneva, jopo la wataalamu lilitia saini hati inayothibitisha kwamba ndui imetokomezwa duniani kote, na Mei iliyofuata Shirika la Afya Duniani likalitangaza jambo hilo rasmi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa wa Afrika Mashariki yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliyeugua Oktoba 1977 na kupona, na ambaye baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio mpaka malaria ilipomchukua mwaka 2013. Serikali ya Uhuru iliwatangazia vita maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini, na huyu ni adui mmoja wa kundi la maradhi aliyeshindwa kabisa, kwa hati iliyotiwa saini siku ya Uhuru wetu. Kwa maoni yangu ushindi huo unastahili kutajwa jukwaani kila mwaka. Labda ndiyo maana sikuona ubaya mwaka 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Desemba 9 na kututaka tushike mafagio na makoleo, wakati kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Tuliofagia mitaro siku ile tulikuwa katika kazi ile ile ya vita na maradhi.

Yapo mengine ambayo nayapitia kwa haraka. Desemba 9, 1824, katika nyanda za juu za Ayacucho huko Peru, jeshi la Antonio José de Sucre liliwashinda Wahispania katika vita vilivyokata mzizi wa utawala wao Amerika ya Kusini, hivyo hatukuwa wa kwanza kuihusisha tarehe hii na uhuru uliopatikana karibu na milima. Desemba 9, 2003, huko Mérida, Mexico, mataifa yalianza kutia saini mkataba wa kupambana na rushwa, na ndiyo sababu siku hii ni pia ya kupinga rushwa duniani. Na Desemba 9, 1962, mwaka mmoja baada ya bendera, Tanganyika ikawa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais wake wa kwanza, baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu katika uchaguzi wa Novemba. Jambo hili la mwisho tunalisahau mno, wakati ndilo lililomwondoa Malkia katika nafasi ya mkuu wa nchi yetu.

Basi, wapendwa, nawatakia nyote heri ya sikukuu ya Uhuru. Nawasalimu kwa namna ya pekee wale wa Arusha na Moshi waliofanya kazi katika mahakama ile wakiwa wakalimani, madereva, walinzi, makarani na wauguzi, ambao majina yao hayamo katika hukumu yoyote lakini bila wao mashahidi wasingefika kizimbani wala kusikika. Nawapa pole Wanyarwanda wanaoishi kati yetu, na wale watakaokuwa na ibada ya kumbukumbu siku hii wajue kwamba sisi majirani tutapenda kualikwa. Kwa watakaotoka gerezani kwa msamaha wa Rais, karibuni nyumbani, familia zenu zimewasubiri. Kwa ndugu zetu ng'ambo ya Namanga, ambao siku yao ya Jamhuri ni Desemba 12, tunawatangulizia heri. Na kwa watakaopanda kwenda Rombo, Machame, Marangu au Usangi wiki zijazo, salamu zangu ziwafikie wazee mtakaowakuta huko. Waulizeni walikuwa wapi usiku ule wa mwaka 1961, mwandike watakachowaambia, kisha mniletee nami nisome.