Shukrani kwa Wote Mliomsindikiza Mama

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu mama yetu wa Magomeni Mapipa, mliyemzoea jukwaani na runingani kama mama mkwe mwenye roho mbaya, tunawashukuru kwa dhati nyote mliokuwa nasi tangu alipoanza kuugua hadi tulipomzika makaburi ya Kinondoni.

Mama alianza kuigiza miaka ya 1980, enzi za vikundi vya utamaduni vilivyozunguka kumbi za Dar es Salaam na ngoma, taarabu na maigizo kwa usiku mmoja. Michezo ile haikuandikwa. Walipewa mkasa tu, maneno wakayatafuta wenyewe mazoezini. Tumekua tukimsikia akigombana peke yake huku anapeta mchele, mara mke, mara mkwe, hadi jirani anachungulia kuuliza kulikoni. Runinga ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, naye baadaye akaingia sebuleni kwa watu. Siku moja abiria mwenzake alimsonya ndani ya daladala, akahama kiti. Mama alirudi nyumbani uso umemchangamka, akasema, "Leo nimejua kazi inafika."

Msibani walikuja watu tusiowajua kabisa, kutoka Mbagala, Kibaha, hadi Morogoro. Dada mmoja alitwambia alimchukia mama miaka yote, amekuja kumwomba radhi. Tulilia naye. Dada, hatukushika jina lako, lakini mama angekukumbatia.

Kwa wauguzi waliomgeuza kitandani usiku na mchana, imamu na waumini, majirani mliotandika mikeka na kupika, vijana mliochimba kaburi: ahsanteni sana. Mama hakuacha akiba, maana kazi nyingi aliambulia nauli. Rambirambi zenu ndizo zilizomaliza deni la matibabu.

Wasanii wenzake wa zamani mlituletea ile kanga ya kisutu aliyojifunga kila akiigiza kama mama mkwe, bado ina tundu la moto wa sigara pembeni. Tumeipokea, na tumemkabidhi mjukuu wake mkubwa.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja, tuwieni radhi. Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani baada ya swala ya Alasiri, nyote mnakaribishwa.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.