Macho mekundu si ushahidi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukusumbua. Malalamiko ya barabara, mbolea na pensheni nimewaachia wengine. Lakini ile makala ya ukurasa wa watoto iliyosifia hadithi za upelelezi za vijijini, zile za marafiki wanne na daftari lao wakimsaka mwizi wa mbuzi, imenishinda. Mwandishi wako anasema zinawafundisha watoto kufikiri. Haya. Amezisoma?

Mimi nimezisoma. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na wajukuu bado wananiletea vitabu niwasomee jioni. Kikija kipya cha aina hiyo, sihitaji kufika mbali. Kitu kinaibwa. Watoto wanakula kiapo chini ya mwembe. Halafu anatokea yeye: ajuza anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, mgongo umepinda, macho mekundu, hazungumzi na mtu. Watoto wanamnyatia, wanachungulia dirishani kwake, wanatetemeka. Mwishoni inabainika si yeye, mwizi ni mgeni aliyekuja na pikipiki. Kumshuku bibi kunachukua nusu ya kitabu, kumsafisha kunachukua sentensi moja, tena si katika kila kitabu.

Anayeandika hayo akiwa Dar es Salaam labda anaona ni kachumbari tu ya kunogesha hadithi. Huku kwetu Usukumani macho mekundu yameua watu. Vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa sababu mvua imegoma au mtoto wa jirani amefariki, na mpiga ramli akasema mchawi ni mama mwenye macho ya namna hiyo. Serikali inajua, polisi wanajua, na wewe mwenyewe umeziandika habari hizo ukurasa wa mbele. Sababu ya huo wekundu nayo inajulikana kwa kila aliyewahi kusonga ugali huku. Miti imekwisha, kwa hiyo tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mabua ya mahindi na vijiti vya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu usichana hadi uzee. Huo moshi ungepita wapi kama si machoni?

Sasa sikia yaliyonipata. Mtaani kwetu kuku walianza kupotea. Nami nikaanza kuona watoto wa darasa la tano wananifuata. Nikienda kisimani wamejibanza nyuma ya minyaa, nikirudi wamo mle mle. Nikasema ni michezo ya watoto. Jioni moja nikageuka ghafla, wakatimua mbio, mmoja akaangusha daftari, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nikalifungua. Kwa mwandiko mzuri kabisa, mwalimu wao apewe sifa yake, waliandika: "Mtuhumiwa: Bibi." Chini yake: "Saa 12 jioni. Ameingia ndani na majani makavu. Hajasalimia mtu. Macho mekundu." Pembeni wamechora chungu changu na alama ya kuuliza juu ya mfuniko. Majani makavu, Mhariri, ni nsansa! Ni majani ya kunde niliyoyaanika mwenyewe tupate mboga ya kiangazi, na hao wapelelezi wote wameshayala nyumbani kwangu, yameungwa karanga, wakaomba waongezewe. Nilicheka, sikatai. Kisha kicheko kikakata. Je, daftari lile lingeokotwa na baba mwenye mtoto mahututi, aliyetoka kwa mpiga ramli jana yake? Angesoma nini pale, mchezo? Angesoma ushahidi, umeandikwa na saa yake, umeshuhudiwa na watoto wanne wasio na sababu ya kusema uongo. Huku tuna sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walianza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe na tunawashukuru, lakini sisi wazee tunakumbuka pia akina mama walioitwa mbele ya baraza kujibu mambo ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyajibu. Watu wengine wamehukumiwa kwa maneno machache kuliko yaliyokuwa katika daftari lile. Nilikwenda kwa wazazi wao nyumba hadi nyumba, wakanipa pole na uji. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, wamelitoa kitabuni hilo."

Kuku, kama unataka kujua, walikuwa wakiuzwa mnadani na kaka wa mmoja wa wapelelezi. Daftari zima halina jina lake.

Na msije mkanijibu kwamba ndivyo hadithi za upelelezi zilivyo. Sivyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishatuonyesha njia mwaka 1960, katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mzimuni, watu wako tayari kuwatwika mizimu mzigo wote, naye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anakataa katakata. Anauliza nani alikuwa wapi na nani anafaidika. Hata wale watoto wapelelezi wa mwandishi Mwingereza Enid Blyton katika kijiji cha Peterswood, mwaka 1943, waliweka mzururaji katika orodha ya watuhumiwa, lakini walipoendelea kuchimba wakakuta aliyechoma kibanda ni mwenye kibanda mwenyewe, ale bima. Waandishi wetu wameiga daftari, wameiga na mbwa, swali la nani anafaidika wakaliacha huko huko Uingereza.

Na wewe Mhariri hujasalimika. Makala ile ilikaa kushoto. Kulia kwake, karibu robo ya ukurasa, tangazo la mganga anayerudisha mali iliyoibwa na kukuonyesha sura ya mwizi kwenye kioo, namba ya simu kwa herufi nene. Ukurasa wa watoto! Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Wewe unawapa nafasi, tena nadhani kwa bei nzuri. Mtoto akisoma upande mmoja kwamba mwizi anapatikana kwa kufikiri, na upande wa pili kwamba anapatikana kwa kutuma hela, unadhani ataona upi una njia fupi?

Ninalo pendekezo. Kila anayetaka kuandika fumbo la kijijini aletwe huku Magu, apewe sufuria, unga, mavi ya ng'ombe ambayo hayajakauka sawasawa, na jiko lisilo na dirisha. Asonge ugali wa watu kumi. Ukiiva, apewe kioo ajitazame, ndipo aandike macho ya mtuhumiwa yana rangi gani. Nitampikia nsansa aone ni majani gani. Na akirudi mjini ajaribu kumpa bibi hilo daftari, badala ya kumwandika ndani yake. Bibi anaijua alama ya katambuga, vile viatu vya tairi, ya kila mwanamume kijijini, anajua jogoo yupi anawika kwenye banda lisilo lake, na anajua kijana gani wiki hii amenunua simu wakati pamba haijauzwa. Kitabu kingekwisha ukurasa wa sita, lakini hilo ni tatizo la mchapishaji.

Barua hii naomba isifupishwe. Nafasi ikiwa ndogo, toa tangazo la mganga.

Mwalimu mstaafu,
Magu, Mwanza