Makocha chipukizi wa Marekani: mmepima nini?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu tangu nilipokuwa mwalimu mwanagenzi, na katika muda huo wote sijawahi kuwaandikia, hata mlipomtangaza bingwa wa marathon kwa jina la kaka yake. Makala yenu ya wiki iliyopita, iliyobishania ni nani kocha chipukizi bora wa mbio ndefu katika vyuo vikuu vya Marekani, imenishinda kunyamazia. Kocha mliyemweka wa kwanza amepigwa picha akiwa amekunja mikono kifuani, miwani ya jua imekaa juu ya kofia, na nyuma yake wanaonekana wasichana watatu wakikimbia ambao maelezo ya picha yanawaita tu "wanariadha wake". Mmoja wao nashuku anatoka huku kwetu Bonde la Ufa, Kenya, ila upande wao wa picha umefifia kiasi kwamba hata mama mzazi angebaki kukisia.

Mwandishi wenu alikuwa na kipimo kimoja, nacho ni mataji yaliyotwaliwa tangu kocha aajiriwe. Ndiyo maana alipotaka kuonyesha jinsi kocha kijana anavyoweza kubadilisha timu, alikimbilia Chuo Kikuu cha Northern Arizona. Ni kweli kwamba chini ya kocha Mike Smith chuo hicho kilishinda ubingwa wa mbio za nyika za wanaume wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 2017 na 2018, kikashinda ule wa msimu wa 2020 ulioahirishwa hadi Machi 2021 kwa sababu ya korona, kisha kikashinda tena mwaka 2021 na 2022, wala mimi si mtu wa kumnyima sifa zake. Lakini taji la 2016 lilitwaliwa na Eric Heins, kocha aliyemtangulia, ambaye aliondoka akiacha nyuma kikosi cha mabingwa, na jina lake halimo popote katika makala yenu. Halimo pia jambo la kwamba chuo chenyewe kiko Flagstaff, kwenye kimo cha mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Eldoret, kimo ambacho chenyewe hujenga pumzi ya mkimbiaji. Mlima nao haujawahi kuteuliwa kocha wa mwaka.

Katika mbio za nyika za vyuo hivyo, timu hupeleka wakimbiaji 7, nafasi za 5 wa mwanzo hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, ila wakiwapita wapinzani huwasukuma nyuma na kuwaongezea hesabu. Ukitaka nimpime kocha, nionyeshe mkimbiaji wake wa sita: alikuja na muda gani, anaondoka na muda gani, na ana shahada mkononi au hana. Wa kwanza kikosini hanisaidii sana kumjua kocha. Doris Lemngole, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Alabama, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 mwezi Juni 2025, akawa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya huko kushuka chini ya dakika 9. Waliomnoa Alabama wanastahili pongezi, lakini msitake kuniaminisha kwamba walimchonga kutoka kwenye gogo.

Huku kwetu tunazijua kazi za namna hii zinavyoanza. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, hakuwa amesomea ukocha, na mmoja wa wanafunzi wake, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988 akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland. Sally Kipyego naye, kabla ya mataji yake 9 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Texas Tech, alipitia chuo kidogo cha South Plains. Akatoka Texas Tech na shahada ya uuguzi, kisha akachukua fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Miaka ya chuo haikummaliza. Hilo ndilo jambo ambalo orodha yenu haikuliuliza hata mara moja.

Nami ninaposema kummaliza mtu, nina mtu ninayemkumbuka. Yupo binti mmoja niliyemfundisha hisabati na kumsimamia mazoezini tangu kidato cha kwanza, ambaye kila zoezi lake niliandika katika daftari la mraba, tarehe, umbali, muda, na kama alikuwa amekula asubuhi au la, kwa sababu mara nyingi alikuwa hajala. Alipata ufadhili wa masomo katika chuo kimoja cha kusini mwa Marekani, chini ya kocha kijana aliyesifika kwa bidii na kwa kujibu ujumbe wa simu hata usiku wa manane. Binti huyo alikimbizwa mbio za nyika msimu wa vuli, akakimbizwa katika viwanja vya ndani wakati wa baridi, na majira ya kuchipua akapelekwa kwenye mashindano ya ligi ya vyuo vyao akiwa tayari ameripoti maumivu kwenye muundi, maumivu ambayo mtu yeyote aliyewahi kulea wakimbiaji anajua kwamba hayapuuzwi yakiwa mahali pamoja panapoweza kuguswa kwa ncha ya kidole. Alikimbia mita 10,000 siku ya kwanza. Siku ya mwisho akakimbia kuruka viunzi na maji, na baada ya saa chache, kwa kuwa timu ilipungukiwa pointi, akasimamishwa kwenye mstari wa mita 5,000, akamaliza wa tano na kuiletea timu pointi 4. Picha za hospitali zilionyesha ufa kwenye mfupa. Kufikia wakati magongo yanawekwa kando, kocha alikuwa ameajiriwa na chuo kikubwa zaidi, na tangazo la kumkaribisha lilitaja, miongoni mwa fahari zake, pointi ambazo wanawake wa mbio ndefu walikuwa wamechuma katika ligi hiyo. Ufadhili wa binti ukapunguzwa mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba hakuwa amekimbia. Leo hii kocha huyo yumo katika orodha yenu, Mhariri, na mmemwita "mwenye jicho la kutambua vipaji". Jicho analo, sibishi.

Aliyemwinua binti yule ni kocha msaidizi, mwanamke ambaye hayumo katika orodha ya mtu yeyote. Alimwagiza aniombe kurasa za daftari la kidato cha tatu na cha nne, nikazipiga picha moja moja na kuzituma kwa WhatsApp, akaona kwamba mwili ule haukuwahi kukimbia hata nusu ya kilomita ulizobebeshwa chuoni, akaanza naye upya kwa kutembea na kukimbia dakika kwa dakika. Binti alimaliza masomo. Hakushinda taji lolote, kwa hiyo kwa kipimo chenu kocha huyo hajafanya kitu.

Sisemi kwamba makocha vijana wote ni wa namna moja. Diljeet Taylor aliichukua timu ya wanawake ya BYU, chuo kikuu cha kanisa la Wamormoni huko Utah, mwaka 2016 na mataji yake ya mbio za nyika, la msimu wa 2020 na la 2024, yalikuja baada ya kujenga. Katika chuo hichohicho Ed Eyestone, kocha wa wanaume ambaye si kijana tena, huwasubiri wanariadha wanaokwenda kazi ya umisionari ya kanisa lao miaka miwili na kurudi wamepoteza pumzi. Mmoja wao, Kenneth Rooks, alitwaa fedha ya kuruka viunzi na maji mjini Paris mwaka 2024. Nani kati ya vijana mliowasifu ataruhusiwa na mwajiri wake kusubiri hivyo? Kwa miaka mingi kila timu ya riadha ilikuwa na ukomo wa ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, nao uligawanywa kati ya wakimbiaji, warukaji na warushaji wote, kwa hiyo mkimbiaji wa mbio ndefu anayeweza kuchuma pointi katika misimu mitatu akawa mali ya kukamuliwa. Makubaliano ya kumaliza kesi kati ya wanariadha na NCAA, yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, yameondoa ukomo huo, lakini yameweka mwingine: vyuo vilivyojiunga nayo haviruhusiwi zaidi ya wakimbiaji 17 katika kikosi cha nyika. Kocha mwenye nafasi 17 na mkataba mfupi hatamchukua msichana wa kulea. Atanunua aliyeiva.

Na huku anakonunua kuna madalali. Wapo watu Eldoret na Iten wanaowatoza wazazi pesa kwa kuwatumia makocha wa Marekani muda wa kukimbia wa mtoto, muda ambao mwalimu wa shule aliupima bila malipo. Wazazi wa Uasin Gishu ambao fedha zao zilipotelea katika mpango wa masomo wa Finland na Canada wanaijua vizuri tabia ya ahadi za ng'ambo, lakini gazeti lenu linapoandika juu ya vyuo vya nje huandika kana kwamba watoto hawa huota wenyewe kando ya uwanja wa Marekani. Mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa hana posho wala saa ya kupimia muda isipokuwa ile iliyo kwenye simu yake.

Kwa hiyo naomba orodha ijayo msiitoe kabla ya Juni 2030, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa leo watakapokuwa wamevaa joho au wamekosa kulivaa. Ichapisheni kama jedwali la safu nne: muda ambao kila mkimbiaji alikuja nao, muda alioondoka nao, mifupa iliyopata ufa chini ya kocha huyo, na jina la mwalimu aliyempima kwa mara ya kwanza, likiandikwa kwa tahajia sahihi. Safu ya mataji mnaweza kuiweka mwishoni, kwa maandishi madogo kama yale ya matangazo ya zabuni. Mwandishi wenu akikosa pa kuanzia kuijaza safu ya nne, apande matatu kutoka Eldoret hadi Iten, safari isiyofika saa moja, nami nitamngoja steji nikiwa na madaftari.

Mwalimu mstaafu,
Keiyo Kaskazini, Elgeyo Marakwet