Nauli ya mwathiriwa iingizwe kwenye bajeti

Mhariri,

Assalamu alaikum. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria inayotoka Mtangawanda, kisiwani Pate, kwenda Lamu mjini na kurudi. Huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Naomba nafasi gazetini mwako niwasemee abiria ambao kila nahodha wa huku anawajua: watu waliotendewa uhalifu, wanaovuka bahari kutafuta daktari, polisi na hakimu.

Kwanza niieleze bahari yenyewe, maana wanaopanga huduma za watu hawa hupanga kana kwamba Lamu yote ni nchi kavu. Kati ya Manda na bara kuna Mkanda, mkondo mwembamba unaopitika maji yakijaa. Yakipwa, ama usubiri ama uzunguke nje, bahari kuu. Msimu wa kusi, kuzunguka nje na boti iliyojaa watu ni kuziweka roho zao rehani. Basi mtu wa Siyu au Kizingitini akiambiwa afike Lamu kesho saa tatu asubuhi, si yeye wa kuitikia wala si mimi. Ni maji. Siku nyingine boti huondoka alfajiri, siku nyingine adhuhuri. Maji yakikataa, hana budi kusafiri tangu jana yake na kutafuta pa kulala.

Mwaka juzi, msimu wa kaskazi, niligongewa mlango baada ya Isha. Alikuwa bibi mmoja wa kisiwa hiki na mjukuu wake wa miaka 14. Sitawataja majina wala kijiji. Mtoto alikuwa amenajisiwa, na siku ya tatu ilikuwa imeshaingia. Siku mbili zote bibi alizitumia kwenda zahanati moja ambako dawa hazikuwepo, kisha kuzungukia jamaa akikopa nauli. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Usiku ule Mkanda ulikuwa umekauka. Tulizunguka nje, tukachoma karibu lita 40 za petroli kwenda na kurudi, na tukafika Lamu zikiwa zimebaki saa chache kati ya hizo 72.

Bibi alikuja na nguo alizokuwa amevaa mtoto siku ile, zimekunjwa vizuri ndani ya kikapu. Zilikuwa zinanukia sabuni ya kipande. Alikuwa ameshazifua. Mhudumu wa afya alipomwambia kwamba zingeletwa vile vile bila kufuliwa, ndani ya mfuko wa karatasi, ndipo zingesaidia ushahidi, bibi alimtazama kwa muda kisha akasema, "Nguo zina najisi, binti yangu. Ningeziachaje ndani ya nyumba ninayosali?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijaona siku nyingine mtu akijilaumu vile kwa kufanya jambo alilofundishwa tangu utotoni. Pale kijijini hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia mapema.

Tuliporudi, alifungua fundo la leso akaanza kuhesabu sarafu. Nikamwambia, "Bibi, weka pesa zako." Akasema, "Siwezi, mwanangu. Nisipokulipa leo, nitakuja na uso gani kukuomba kesho?"

Maneno hayo niliyadhania ni adabu tu za wazee wetu. Maana yake nilikuja kuielewa baadaye.

Mshtakiwa alikamatwa, akafikishwa mahakamani, akapewa dhamana, kama sheria inavyoruhusu. Ikafika siku ya kesi. Boti inayowahi maji ya asubuhi hiyo ilikuwa moja, nayo ni yangu. Walipanda bibi na mjukuu wake. Kisha akapanda mshtakiwa na ami zake wawili. Siwezi kumkatalia abiria aliyelipa, tena naye aliitwa na mahakama ile ile. Nilimketisha mtoto nyuma, karibu na injini, mimi nikiwa katikati yake na wale. Alijifunika uso kwa buibui mwendo mzima, saa moja na nusu, na mkono wake ulishika ubao wa boti mpaka vidole vikapoteza damu. Ami mmoja akawa anazungumza kwa sauti, si naye, anazungumza na bahari, kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Nilimwambia anyamaze au ashuke Manda. Alinyamaza. Lakini mtoto alikuwa ameshasikia, na alijua kwamba jioni atarudi na watu wale wale, boti ile ile.

Kesi ilipotajwa tena ilikuwa Julai, kusi imechachamaa, na manahodha wote tulikuwa tumefunga boti. Hakuna aliyevuka. Ikapangwa tarehe nyingine, na siku hiyo bibi hakutokea gatini. Nikadhani amepata boti ya Faza. Wiki iliyofuata nikamkuta sokoni, akainamisha kichwa: hakuwa na nauli, na kwangu alikuwa ameshapanda bure mara mbili. Aliona haya kuniomba mara ya tatu. Hapo nikayakumbuka maneno yake ya usiku ule. Baada ya hapo walikaa watu wazima, pesa fulani zikapita, na mtoto hakupelekwa tena kutoa ushahidi. Kesi ya unajisi si ya kumalizwa kwenye jamvi, sheria iko wazi, lakini shahidi asipovuka bahari sheria hiyo inabaki ng'ambo.

Nina daftari la abiria. Tangu usiku ule nimekuwa nikitia alama safari za namna hii. Mpaka leo ni safari 19 za watu saba: aliyekatwa panga akiporwa, mjane aliyechomewa banda lake, wake waliopigwa na waume, watoto wawili. Hiyo ni boti moja tu, na mimi sioni wanaotoka Kiunga wala wale wa vijiji vya Basuba, ambao njia yao ni ngumu kuliko yetu. Wala sizungumzii Mpeketoni, Juni 2014, ambako watu wasiopungua 60 waliuawa. Waliobaki na makovu yale wanajua wenyewe walivyohangaika.

Binti yangu anasomea sheria Mombasa. Nilimwomba anisomee kilichoandikwa, naye alikaa nami likizo nzima. Kumbe Katiba ya 2010, kifungu cha 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na maslahi ya waathiriwa. Sheria hiyo ikatungwa mwaka 2014. Inasema mwathiriwa mwenye shida ya haraka apewe mahali pa usalama, chakula, matibabu na ushauri nasaha. Iliunda Bodi na Hazina ya kugharimia msaada huo. Na nauli imo! Usafiri na malazi vimetajwa, ila vimetajwa katika fidia ambayo mwathiriwa anaweza kuidai kutoka kwa mkosaji. Nilimwambia binti yangu arudie kusoma hapo. Mkosaji ni mpaka apatikane na hatia, na hatapatikana na hatia shahidi asipofika, na shahidi hafiki kwa sababu hana nauli. Mtu anaahidiwa kulipwa gharama ya safari ambayo, kwa kukosa gharama hiyo, hakuifunga.

Nilisimama kwenye mkutano mmoja wa kutoa maoni nikauliza. Nikajibiwa kwamba mambo ya waathiriwa ni ya polisi na mahakama, yaani ya serikali ya kitaifa, niende huko. Sikubaliani na jibu hilo. Zahanati ni za kaunti, na dawa za saa 72 zinahifadhiwa kwenye zahanati. Wahudumu wa afya wa jamii, wale waliokabidhiwa vifaa mwaka 2023, posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilipangwa ilipwe nusu na kaunti na nusu na serikali kuu. Ikiwa kwa posho hiyo waliweza kuchanga, kwa nauli ya mtoto aliyenajisiwa wanashindwaje kuchanga?

Ninaloomba si jengo. Majengo tumeahidiwa mengi. Naomba mstari mmoja kwenye bajeti ya kaunti, ulioandikwa nauli na malazi ya waathiriwa na mashahidi wa visiwani, na ile Hazina ya waathiriwa itie fungu lake humo. Mtu akifika gatini na kikaratasi cha zahanati au cha polisi, apande yeye na mwenzake mmoja, nahodha akiweke kikaratasi, mwisho wa mwezi alipwe. Mimi natoza shilingi 300 kwenda na 300 kurudi. Anayetaka kujua kama kaunti inaweza, achukue daftari langu afanye hesabu. Pesa za usiku, za kukodi boti nzima, zitakuwa kubwa zaidi, hilo silifichi, na ndilo litakalohitaji kukadiriwa kwa makini. Siku za kesi upangwe usafiri mwingine wa mwathiriwa, hata kama ni kumvusha jana yake, asikae tena goti kwa goti na aliyemtenda. Hapo ndipo panapohitajika vyumba viwili vitatu Lamu mjini, kwa mwenye nyumba mwaminifu, vilipiwe kwa usiku. Bibi niliyemsimulia nilimlaza kwa binamu yangu Langoni. Wasio na binamu wa nahodha hulala wapi?

Na wale wahudumu wa afya wa jamii wafunzwe, hata kwa siku mbili, nini cha kufanya na nguo, saa 72 ni nini, na simu 1195 (ya ukatili wa kijinsia) na 116 (ya watoto) hutumiwaje. Wao huingia majumbani. Kina mama watawasikiliza kabla ya kuninong'oneza mimi gizani.

Makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30, na mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Madiwani wetu wa Faza, Kiunga na Basuba wanazijua tarehe hizo kuliko mimi. Mkutano wa maoni utakapoitishwa, nawaomba wauitishe Faza. Kama ni lazima uwe Lamu mjini, watazame maji kwanza ndipo watangaze saa. Nitakuja na daftari, na bibi yule ameniambia akipata nafasi kwenye boti atakuja kusema mwenyewe.

Nahodha wa boti ya abiria,
Mtangawanda, Lamu Mashariki