Barua ya wazi kwa Waziri: Niulizwe kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule na wenzangu wawili. Sijawahi kumwandikia kiongozi. Hata leo ningetakiwa niwe kwenye cherehani, maana huu ndio msimu wetu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Lakini mwaka huu msimu umenipita, na umenipita kwa sababu ya takataka zinazomiminwa kila siku kwenye baruapepe yangu.

Shule moja binafsi niliyoishonea miaka mitatu mfululizo iliniandikia tarehe 3 Novemba. Sketi 90, kaptura 90, mashati 180. Walitaka nipeleke bei ndani ya siku saba. Barua hiyo nimeiona tarehe 21. Ilikuwa imeangukia kwenye fungu la barua taka, katikati ya ofa za viwanja, mikopo ya dakika tano, dawa za nguvu za kiume, na mtu anayenidai ada ya mzigo uliokwama bandarini, nami sijaagiza mzigo wowote. Ningechelewa wiki mbili zaidi ingekuwa imeshajifuta, kwa sababu humo barua hukaa siku 30 tu. Nilipompigia mwalimu mkuu alinijibu kwa upole: "Mama, tulidhani una kazi nyingi. Tumeshampa fundi mwingine." Majora manne ya kitambaa cha kijani niliyonunua mapema kwa mkopo wa kikundi yameegemea ukutani. Kijani kile ni cha shule ile peke yake, hakuna mwingine wa kukinunua.

Mtu atasema, kwa nini hukuwa unaangalia? Nilikuwa naangalia, Mheshimiwa. Mwanzoni nilipitia fungu lile kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Zikawa kumi kwa siku, zikawa ishirini, nyingine zimejaa picha zinazokula bando ninalolinunua kwa hela ya uzi na vifungo. Mikono yangu ni ya kazi, haiwezi kushinda inafuta. Nikaacha.

Binti yangu anayesoma chuo ndiye aliyenieleza jinsi chujio linalotenga barua taka linavyofanya kazi. Mashine haijui nani mkweli. Inaangalia ufanano. Matapeli wamejaza dunia barua za "oda", "malipo", "jibu ndani ya siku saba", basi ikija barua ya kweli yenye maneno hayohayo nayo inakamatwa. Nadhani ndivyo ilivyonikuta. Kwa hiyo anayenitumia takataka hanisumbui tu: ananiharibia hata barua za wateja wangu.

Anwani yangu waliipata wapi? Ninao ushahidi, hata kama ni mdogo. Kwenye maonyesho ya Nane Nane niliingia banda la kampuni moja, kijana akaniomba nijiandikishe ili nishindanie zawadi. Aliandika yeye mwenyewe kwenye kishikwambi. Mahali pa jina akaandika kazi yangu, tena kwa makosa: "Fundi Cherahani". Nilicheka, nikamwachia. Tangu mwezi uliofuata barua zinaanza hivyo: "Ndugu Fundi Cherahani". Kampuni ya viwanja, Fundi Cherahani. Wakopeshaji, Fundi Cherahani. Bima, Fundi Cherahani. Kosa la kidole cha kijana mmoja limezunguka kwa watu nisiowajua hata mmoja, na sidhani lilitembea bure. Nimeuzwa, Mheshimiwa, kama mtumba kwenye robota.

Nimejaribu kujitoa. Chini kabisa ya barua, kwa herufi za kijivu ambazo bila miwani sizioni, kuna mahali pa kubonyeza. Nimebonyeza mara nyingi. Wengine wakanitaka niweke namba ya simu ndipo waniondoe. Wengine walizidisha, nafikiri kwa kuwa nimewathibitishia kwamba anwani hii ina mtu.

Barua taka hizi Wazungu huziita spam, jina lililoanza kama jina la nyama ya kopo huko Marekani mwaka 1937. Barua ya kwanza kabisa ya namna hii ilitumwa Mei 1978: mfanyabiashara wa kompyuta aliwatangazia watu wapatao 400 kwa mkupuo, wakamlalamikia. Watu 400, barua moja, na ilionekana ni utovu wa adabu. Mimi peke yangu nimezihesabu tangu Septemba, ni 612.

Sisi tuna desturi ya hodi. Ukibisha mara tatu usiitikiwe unaondoka. Na sheria yetu inasema hivyohivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliomba, isipokuwa amekubali, mtumaji amejitambulisha, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ikatupa haki ya kuzuia taarifa zetu zisitumike kututangazia biashara. Tuliahidiwa haya kwa maandishi, Mheshimiwa, yakapigwa muhuri. Laini zetu tulizisajili kwa alama za vidole, tukapanga foleni juani, tukatii. Aliyeuza jina langu ametii nini?

Kwa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tulipewa namba 15040 ya kuzipeleka. Naomba na mwenye kuteswa na baruapepe apewe mahali pepesi namna hiyo. Naomba kampuni zilazimishwe kuonyesha zilikopata anwani ya mtu. Na kama hayo mawili ni mazito kwa sasa, basi naomba moja tu: niulizwe kwanza. Niulizwe, nijibu ndiyo au hapana, na hapana yangu iheshimiwe.

Barua ambazo hazijajifuta nimezihifadhi. Sitaki fidia ya majora manne, deni la kikundi nitalilipa kwa kushona mapazia. Chukua barua moja tu kati ya hizo, yoyote, umwite aliyeituma, umuulize mbele ya watu: huyu Fundi Cherahani alikubali lini?

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Morogoro