Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Pumwani, Nairobi

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Habari za michango, harusi na misiba mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia Siyu, kwetu kisiwani Pate, Lamu, maana mwaka huu kamati imehangaika na kuta za nyumbani kuliko jambo lolote.

Vijana wetu waliozaliwa hapa Nairobi wanaijua Siyu kama kijiji cha kungojea maji yajae ndipo chombo kiingie horini, ule mkono wa bahari. Wajue pia kwamba miaka ya 1840 kijiji hicho, chini ya mtawala wake Bwana Mataka, kiliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Zanzibar haikukitia mkononi mpaka 1863, zama za mwanawe, Seyyid Majid. Ngome ingali pale kando ya hori. Nani aliijenga? Wazee husema Mataka. Wapo wataalamu wasemao ni watu wa Zanzibar. Mimi niko na wazee, mtanisamehe.

Ngome inaangaliwa na Makumbusho ya Taifa. Nyumba zetu hazina mwenyewe ila sisi. Tunatuma pesa, fundi ananunua saruji, ukuta wa kale unapigwa plasta, unang'aa sikukuu ikifika. Haupiti muda plasta inavimba na kubanduka, na ikibanduka huondoka na nakshi za zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, unyevu ukaingia na kutoka. Saruji huuziba, chumvi ikabaki ndani ikilila jiwe. Boriti nazo huoza vichwani, pale zilipochomekwa ukutani, na dari ikaja chini.

Kwa hiyo pesa za chama hazitanunua tena saruji ya kuta za kale. Zitalipia chokaa, na fundi mzee anayejua kuichoma na kuiloweka, mradi amchukue kijana wa kumfunza. Waliolalamika kwamba ni ghali na inachelewesha kazi hawakukosea. Uamuzi ni huo huo.

Mama mmoja wa South C ametuchorea kwa kumbukumbu nyumba ya bibi yake: daka, yaani kibaraza cha wageni mlangoni, kiwanda, yaani ua wa katikati, msana, ule ukumbi mrefu unaotazama ua, chumba cha ndani, na meko juu darini moshi usisumbue watu. Naomba kila ukoo ufanye hivyo, pamoja na picha za zamani. Daftari liko kwa katibu. Asiyeweza kuandika amsimulie kijana wake, naye alete kabla ya Ramadhani.