Barua ya wazi kwa watoto na wajukuu wa askari wa Kagera

Wanangu na wajukuu zangu,

Poleni na misiba. Siku hizi simu ikiita alfajiri najua tumepungua tena. Kijana aliyekwenda Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 hadi 1979, na miaka 20 leo anakaribia 70, na wakubwa wetu wengi wametangulia. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alituacha Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Ninalotaka kuwaambia ni hili: wasifu wa marehemu mnaousoma msibani hautoshi. Nimeusikiliza mara nyingi. Alizaliwa, akasoma, akajiunga na jeshi, akashiriki Vita vya Kagera, akastaafu, ameacha mke, watoto na wajukuu. Dakika tatu, kisha tunaitwa kutoa heshima za mwisho. Jeshi limepewa sentensi moja, nyumba sentensi nyingine, na huyo mtu aliyebeba vyote viwili hatujamsikia.

Anzeni na vita vyenyewe. Majeshi ya Iddi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akatamka Novemba 2 kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, walioitwa hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Waliitwa polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wanamgambo kwa maelfu, watu waliotoka shambani na kiwandani. Basi ulizeni: mzee alikuwa mgambo au askari wa kudumu? Brigedi gani? Alivukia wapi Mto Kagera, baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa? Alifika Kampala, au alibaki nyuma akipakua mabomu kwenye malori? Aliyepakua mabomu naye alipigana vita hivyo hivyo.

Na msimpambe. Usiku wa Machi 10, 1979, pale Lukaya, Uganda, kwenye barabara inayopita kando ya vinamasi, Brigedi ya 201 iliyokuwa na wanamgambo wengi ilimiminiwa roketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Wengi walitawanyika, wakaingia matopeni gizani. Kulipopambazuka walijipanga upya wakashambulia, huku Brigedi ya 208 ikimpiga adui kutoka upande mwingine, na Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Ukiufuta usiku ule wa kukimbia, asubuhi yake haina uzito wowote. Kama baba aliwahi kuwaambia kwamba aliogopa, liandikeni hilo kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo nawaomba mkae zaidi.

Mwenzangu mmoja tuliyemzika hivi karibuni alikuwa na kawaida yake ya Jumapili jioni. Alikusanya viatu vya shule vya wanawe wote, akavipanga ukutani kuanzia kikubwa hadi kidogo, akaketi kwenye kigoda na kopo lake la rangi. Brashi kwanza, kisha kitambaa kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ncha ya kiatu ing'ae. Halafu aliingiza mkono ndani ya kila kiatu kuhakikisha kimekauka. Hakutaka kusaidiwa. Mwanawe aliniambia msibani kwamba walidhani ni ukali wa kijeshi tu. Nikamweleza jinsi tulivyokaa na buti zilizolowa siku baada ya siku, ngozi ya nyayo ikibanduka pamoja na soksi, na jinsi baba yake alivyokuwa akisema kwamba akijaliwa watoto hawatatembea na miguu iliyolowa. Kijana mwenyewe ana wajukuu sasa, na ndiyo kwanza anasikia. Nililia pale, na sioni haya kusema.

Mambo ya namna hiyo hamkuyaandika popote. Yule aliyekaa siku zote akiutazama mlango. Yule ambaye fataki za mwaka mpya zikianza aliingia ndani akajifungia, nanyi mkasema mzee hapendi kelele. Wapo pia waliorudi na hasira, wakanywa, wakawaumiza mama zenu. Hilo nalo lisemeni kwa staha, msilifunike. Mtoto aliyepigwa ana haki ya kumkumbuka baba yake jinsi alivyokuwa, na kumpenda pia akitaka.

Waulizeni mama zenu, wale walio hai, tena wiki hii. Wengine waume zao walibaki Uganda mpaka 1981, wakati huku Mwalimu ametutaka tufunge mkanda miezi 18 na sabuni inatafutwa kwa foleni. Wao ndio walioshika nyumba. Sijawahi kusikia msemaji msibani akimuuliza mjane alivyoishi miaka ile, na jambo hilo linanisikitisha sana.

Nishani, kitambulisho cha jeshi na barua zake zisigawanywe kama vyombo. Mmoja wenu azitunze, wengine mjue ziko wapi. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli majina ya waliosimama naye, maana wengine wamelala kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, Kaboya, Muleba, na huenda picha hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Mkipata nauli wapelekeni wajukuu Kaboya wakaone makaburi yale, hata kama si Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Nasi tuliobaki bado tunaweza kujibu. Njooni mchana na daftari, au mnirekodi kwenye simu, sitakataa. Mkinitajia brigedi ya mzee wenu na mwaka aliorudi, nitawaambia ninachokijua, na nisichokijua nitawapeleka kwa mwenzangu anayekijua, tukiwahi.

Ni mimi mzee wenu,
askari mstaafu